Shahada ya Mitchelle

Nyumba ya Murabba, Riyadh, haikosi wageni. Leo ni shangazi wa madam, kesho ni binamu zake saba na maneno yao. Rael, mfanyakazi wa ndani kutoka Kenya, huwapikia wote. Birika likiwa motoni, humtumia bintiye Mitchelle ujumbe wa sauti. Ana miaka minne hajamwona.

Mitchelle amemaliza sekondari kule Kapsabet, na alama zake zinamruhusu kusomea uuguzi. Amepata nafasi mbili. Moja ni diploma ya miaka mitatu, karibu na nyumbani. Nyingine ni digrii Nairobi, miaka minne na mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini. Akichukua diploma, Rael anaweza kurudi nyumbani kuuza mitumba. Akichukua digrii, itabidi Rael aongeze mkataba ili alipe karo, na akimaliza huo aongeze mwingine.

Rael aliwauliza wenzake. Priscilla wa ghorofa ya juu, ambaye hakosi la kusema, alidai wa diploma hutandika vitanda tu. Lakini aliyemmaliza ni madam. Madam aliuliza kama binti atakuwa na shahada. "Mafi shahada, mafi shughul," alisema. Hakuna shahada, hakuna kazi.

Na shahada si ndiyo digrii? Rael alijifungia bafuni akalia. Akatoka akiwa ameamua kubaki.

Likizo ya shule ilipofika, familia ilienda Jeddah pamoja na Rael. Rael alimpeleka mama yake madam kliniki, katika mtaa wa Ruwais, akasafishwe kidonda. Muuguzi alikuwa Keziah, Mkenya. Waliposikiana lafudhi tu, wakaanza: nani kaolewa, nani karudi, nani kanenepa. Mwisho Rael akamweleza habari ya shahada. Keziah alicheka mpaka akaweka pamba chini.

"Mama Mitchelle, kwa Kiarabu shahada ni cheti chochote. Madam alitaka kujua kama mtoto atakuwa na karatasi. Basi."

"Kumbe diploma inatosha?"

"Sikudanganyi, digrii hufungua milango zaidi. Unaweza kufundisha, kusimamia wodi, na huku hupewa daraja la juu. Lakini wa diploma naye hufanya mtihani wa Baraza la Wauguzi, akapata leseni, akadunga sindano kama mimi. Mimi mwenyewe nilianza na diploma, digrii nikaongeza nikiwa kazini. Hakikisha tu chuo kimekubaliwa na Baraza. Na mtoto anasemaje?"

Rael alikuwa ameuliza jengo zima, isipokuwa Mitchelle.

Alimpigia alasiri hiyo hiyo.

"Naanza na diploma," Mitchelle alisema. "Digrii nitaongeza mbele ya safari. Wewe uje, Mama."

Rael alimwambia madam halas, basi, mkataba ukiisha anaenda. Madam alinuna siku mbili, kisha akamnunulia sanduku la safari. Huko nyumbani, Mitchelle alihakikisha kwanza kuwa chuo kimo katika orodha ya Baraza, ndipo akajiandikisha.

Sasa Rael amerudi, na Mitchelle yuko mwaka wa pili. Jumamosi akija nyumbani na kipimo cha presha, majirani hujaa sebuleni. Rael hukaa wa kwanza, mkono juu ya meza.

"Presha yako iko sawa, Mama. Mpishe Mama Noah."

"Pima tena," Rael anasema.