Tumbo Walilolishangilia

Mambo yaliharibika siku ya Ijumaa, na yaliharibika watu wakicheka.

Fundi Makochi alikuwa sakafuni, akipigilia misumari kwenye kiti cha mteja. Mkewe, msusi, akatoka chumbani ameshika kiuno.

"Fundi, hebu nitazame. Zipu haifungi!"

Fundi akaachia nyundo. Miaka mingi walikuwa wametafuta mtoto bila kupata. Wiki ile mkewe alikuwa amepandikiziwa mimba kliniki. Alichomwa sindano ili mayai yake mengi yakomae kwa pamoja. Madaktari wakayatoa, wakayaunganisha na mbegu za mume maabara, kisha wakarudisha kiinitete, yaani mimba changa kabisa, kwenye mji wa mimba.

"Imeshika!" Fundi akasema. "Hilo si tumbo, ni ngoma!"

"Natapika pia. Na mkojo hautoki vizuri."

"Ndiyo mimba hiyo, mwanangu," mama mkwe wa Fundi, aliyekuja kumtunza binti yake, akadakia, machozi yakimlengalenga. "Mimi kwa ajili yako nilitapika mpaka nyongo. Lala, usisogee. Mtoto wa kutafutwa hataki vishindo."

Wakamlaza. Jioni alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima. Fundi akapiga simu kliniki, akapokewa na msaidizi.

"Daktari mkuu yuko kwenye kikao. Uchovu ni kawaida. Njooni Jumatatu."

Jumatatu hiyo msusi hakuiona.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Fundi alimpata mjukuu huyo kabla hajapata mtoto.

Baada ya mazishi, jirani yao muuguzi, waliyemwita Nesi, alikuja kuketi naye.

"Shemeji, mimba ya siku chache haijazi tumbo," alisema taratibu. "Zile sindano huamsha mayai. Kwa wanawake wachache huyaamsha kupita kiasi. Maji hujaa tumboni, na damu huwa nzito. Mara nyingi hali huwa nyepesi, hupita yenyewe. Lakini tumbo likivimba haraka, ukatapika bila kukoma, mkojo ukapungua au pumzi ikakatika, hapo si pa kulala. Ni hospitali saa ileile, hata kama si kliniki yako."

"Angewahi, angepona?"

"Wakiwahi, karibu wote hupona."

Fundi akainama. "Na mimi nilicheka, Nesi. Nilimwita ngoma."

"Hukuambiwa."

"Sikuambiwa, na sikuuliza. Wakubwa wale wana viti vya kuzunguka. Nikadhani mwenye kujua atasema."

Muda ukapita. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, naye akataka kupandikiziwa mimba. Fundi akamwambia, "Nendeni kliniki nyingine. Na mkifika, ulizeni mpaka wachoke."

Wakauliza.

"Mtoto atakuwa wetu kweli?"

"Ndiyo," daktari akajibu, "tukitumia mayai yako na mbegu za mumeo."

"Lazima ishike?"

"Hapana. Wengi hurudia, wengine hawapati kabisa. Umri wa mwanamke una uzito mkubwa."

"Na huyu bwana anapimwa?"

"Anapimwa, tena mapema. Tatizo huweza kuwa la mke, la mume, au la wote wawili."

"Na hatari je?"

Daktari akazitaja zote, akawapa namba ya simu inayopokelewa usiku na mchana.

Mayai yalipotolewa, tumbo la shemeji likavimba. Safari hii hakuna aliyeshangilia. Mumewe alimkimbiza hospitali hata viatu hakufunga; mke akalazwa, akatibiwa, akapona. Viinitete vyao viligandishwa vikatunzwa mpaka mwili wake ulipotulia. Kimoja kikapandikizwa, kikashika. Alizaliwa mtoto wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima.

Fundi alimpakata, akafurahi, akalia.

Kesho yake alikwenda kwenye kliniki ile ya kwanza. Safari hii mkuu hakuwa kikaoni. Fundi hakukalia kiti alichoonyeshwa.

"Mwaka ule mlimchoma mke wangu sindano kila siku," alisema. "Nani kati yenu alikuwa na kazi ya kutuambia hatari zake?"

Mkuu akamtazama msaidizi. Msaidizi akatazama mlango.

"Nauliza tena," Fundi akasema. "Ilikuwa kazi ya nani?"