Kulungu wa Ndoano ya Tatu

Kulungu wa ndoano ya tatu alikataa kupoa.

Cleotha Manigault alimgusa asubuhi kwa mgongo wa mkono, akadhani ni mkono wake tu uliotoka juani. Nje joto la Agosti lilikuwa limeshaanza kuchemsha bati. Msimu wa uwindaji ulikuwa na siku tatu tangu ufunguliwe, na kwa miaka ishirini na miwili kazi ya Cleotha katika banda lile kando ya nyumba ilikuwa moja, kushindana na joto. Mwindaji akishusha mnyama, una saa chache za kumpasua, kumchuna na kumtundika chumba cha baridi. Ukizubaa, nyama inageuka kijani kwenye mfupa.

Akachukua kipimajoto cha sindano, akakizamisha pajani. Kulungu wengine wanane walisoma thelathini na sita, sawa na chumba. Huyu akasoma tisini na nane.

Kwa nyuzi za kwao, za Fahrenheit, thelathini na sita ni karibu na barafu, na tisini na nane ni joto la mtu aliye hai.

Na hakuoza. Hilo ndilo lililomkera Cleotha kuliko yote. Nyama ya moto huoza. Hii ilinukia maji yaliyolala siku nyingi ndani ya chombo.

Jikoni alimkuta mumewe, Verdell, kavaa koti zito la baridi ya Januari, wali mwekundu umepoa mbele yake.

"Clee, zima hiyo feni."

Feni haikuwa imewashwa.

"Kulungu wako wa jana ulimpata wapi?"

"Nimeshakwambia. Mtaroni, kando ya shamba la soya."

"Mtaroni, eh?"

"We mwanamke, umeajiriwa polisi lini?"

Sasa mimi sizungushi maneno. Verdell alikuwa mwongo. Si mwizi, si mlevi, si mpiga mke. Mwongo tu, wa vitu vidogo vidogo, na watu wa namna hiyo tunawacheka mpaka siku tunapowazika.

Chama chao cha uwindaji kina desturi. Ukifyatua ukakosa, au ukajeruhi mnyama akakupotea, jioni ya Jumamosi unasimama katikati ya wenzako, wanakukata pindo la shati kwa kisu, wanaandika jina lako juu ya kile kitambaa na kukipigilia ukutani. Ukuta umejaa vitambaa. Hakuna aliyepona, isipokuwa Verdell. Misimu kumi na moja hajakatwa. Walimwita Shati Zima, naye jina hilo alilivaa kama medali.

Lakini jioni alipompiga kulungu huyu, risasi yake ilipita nyuma kidogo ya moyo. Alifuata damu kwa tochi, mbu wakimla masikio, mpaka ikamfikisha chini ya mialoni mikubwa, kwenye makaburi ya zamani. Pale kila aliyelala kawekewa juu yake vyombo vya mwisho alivyotumia: kikombe, sahani, saa ya mezani. Kulungu alikuwa kaanguka juu ya kaburi lisilo na jina, pembe zake bado zimevaa ile ngozi laini ya kiangazi. Mtoto wa miaka sita wa kule anajua kwamba mnyama akifia pale, ni wa wenyewe waliolala chini. Unavua kofia, unaomba radhi, unarudi nyumbani useme, "Nimempoteza."

Verdell alifikiria ukuta ule. Akamshika kulungu miguu ya nyuma, akamburura. Birika jeupe lililofunikwa kifudifudi juu ya kaburi likapasuka chini ya mzoga. Wala hakugeuka.

Siku ya pili Cleotha alimtia mumewe ile sindano ya nyama kwapani. Themanini na nne. Siku ya tatu, sabini. Hospitali alikataa. Alitembea, alijibu, aliomba blanketi la nne, na pumzi yake haikuwa na mvuke hata mbele ya kioo. Ndani ya chumba cha baridi minyororo minane ya ndoano ilitulia, wa tatu ukawa unalia taratibu, kwii, kwii, kama kitu kizito kinachojipimia uzito wake. Mbwa wa wateja waligoma kushuka kwenye mapikapu.

Jumamosi mchana Cleotha akamwita Bi Ozella Frasier, anayejua mizizi. Bi kizee alifika akilalamikia magoti, akasimama mlangoni mwa banda, akanusa mara moja. Hakuingia.

"Huyo si kulungu," akanong'ona. "Kulungu ni kiti tu. Kapandwa."

"Na nani, Bi Ozella?"

"Jina lake halikuandikwa kaburini kwa makusudi, nami sitalisema kwa ajili ya mumeo. Lile birika lilikuwa kifuniko, mwanangu. Sasa anajichotea joto la Verdell tone kwa tone. Akilimaliza, hahitaji tena miguu minne."

Cleotha alishika mwimo wa mlango. "Nifanye nini?"

"Wewe huna la kufanya. Yeye aende chamani leo hii, aseme kweli kwa mdomo wake mbele ya wale aliowadanganya. Wamkate shati. Kitambaa hicho kikafunike pale palipovunjika, na mnyama arudi alipotolewa, kabla jua halijatua."

"Hayo tu?"

"Kwa mtu mkweli ni hayo tu." Bi Ozella akatazama nyumba. "Milango yako ina rangi ya buluu?"

"Wa mbele una buluu. Na wa nyuma Verdell kaupaka upya mwezi wa Juni."

"Basi. Buluu haivukwi na wa aina ile."

Cleotha alimpakia mumewe kwenye pikapu, kulungu nyuma chini ya turubai, na turubai likawa linapanda na kushuka polepole ingawa hakukuwa na upepo. Chamani wanaume walikuwa wanakula kamba wa kuchemsha, mashati yamewaganda migongoni.

"Shati Zima!" alipaza Ludell Pinckney, mshika kisu wao. "Koti Agosti? Umelala na nani, jokofu?"

"Mwache, shemeji yetu anaatamia mayai!" mwingine akadakia, wakaangua kicheko.

Verdell alisimama katikati yao, midomo ya kijivu. Akautazama ukuta. Cleotha alimshika mkono. Ulikuwa kama kitu anachokitundika kila siku.

"Sema," akamnong'oneza. "Maneno mawili. Nakuomba, baba."

"Yule kulungu..." Verdell alianza. Kicheko kikapungua. "Yule kulungu nilimpata..."

Ludell alikuwa ameshatoa kisu, anatabasamu, jino la dhahabu linang'aa.

"Mtaroni," akasema Verdell. "Nilimpata mtaroni."

"Muongo!" Cleotha alilia. "Kamtoa makaburini! Mwambieni aseme!"

Hakuna aliyecheka tena. Ludell akashusha kisu. "Kweli hiyo, Verdell? Makaburini?"

"Mke wangu joto limempanda kichwani," Verdell akajibu, akainua kidevu. "Shati langu ni zima."

Nimewahi kukasirikia watu wengi, lakini huyo bado namkasirikia.

Alikufa jua likigusa miti, kitandani kwake, chini ya mablanketi manne. Sindano ilisoma thelathini na sita.

Cleotha alimfunika uso, akatoka nje kwenda kwenye pikapu akidhani labda bado, labda akimrudisha mnyama peke yake atampatia marehemu hata msamaha, na turubai akalikuta limelala bapa, na kwenye vumbi alama za kwato zinaanzia kwenye tairi la nyuma, mbili mbili, zimekwenda hatua nne, tano, kisha zikawa zinapanuka, zinarefuka, zinapata vidole, mpaka zilipofika kwenye njia ya nyumba zilikuwa nyayo za mwanamume mzima asiye na viatu, mguu wa kushoto ukipinda kidogo kwa nje, kama Verdell alivyokuwa akipinda wa kwake tangu alipovunjika kifundo, naye akakimbia, akaingia ndani, akapiga komeo, akakaa sakafuni karibu na maiti huku ile harufu ya maji yaliyolala ikipita chini ya mlango.

"Clee." Sauti ilikuwa ya mumewe, kwenye kibaraza cha mbele. "Nifungulie, mama. Nimepata joto sasa."

Cleotha akatazama. Pembeni yake blanketi halikutikisika.

"Nilimtoa makaburini, Clee. Birika nililivunja mimi. Nilidanganya. Nisamehe."

Hapo ndipo moyo ulipomkatika kabisa. Miaka ishirini na sita ya ndoa, Verdell Manigault hakuwahi hata siku moja kusema "nilidanganya". Aliyesimama pale nje hakuwa yeye.

Nyayo zikasogea hadi kizingitini, zikasita mbele ya buluu. Kisha zikaanza kuzunguka nyumba, bila haraka, zikiburuza kidogo mguu wa kushoto.

Cleotha akainuka, akaenda jikoni akijiambia kuna buluu, kuna buluu ya Juni. Tangu Juni hakuwahi kuutumia mlango ule, alikuwa amemwamini. Akasogeza pazia la dirisha dogo, akaangalia mwimo.

Mbao zilikuwa za kijivu, kavu. Chini ya ngazi, kopo la rangi halijawahi kufunguliwa.

"Na hilo pia nilidanganya," sauti ikasema, karibu kabisa, na kitasa kikaanza kuwa cha moto.