Kiti Kisicho na Mshono

Simu ililia mara mbili, ikanyamaza, ikalia tena.

Ruggero Tessari alikuwa amekwisha kukisukuma kitanda ukutani. Katika chumba kile cha Milano, hatua sita kwa tatu, kila kitu kilijikunja. Kitanda kiligeuka kabati, meza ilining'inia kwa bawaba, na nguo zake zilikaa ndani ya kasha la plastiki la duara lenye magurudumu. Kilichokataa kujikunja ni kiti tu, cha plastiki, rangi ya machungwa.

Kimoja.

"Maua yamefika?" sauti ya mkuu wake wa ujasusi ikauliza.

"Yamefika bila maji," Ruggero akajibu kwa maneno ya siri waliyopatana.

"Sikiliza. Filamu imeibwa. Ina majina arobaini na moja ya watu wetu ng'ambo ya mpaka. Imefichwa ndani ya kiti, katika kiwanda cha viti mjini Meda. Viti mia sita vinaondoka saa tisa kwenda Trieste, halafu Yugoslavia. Kikivuka, watu hao wamekwisha."

"Ljerka yumo?"

Karatasi ikafunuliwa upande wa pili.

"Wa kumi na saba."

Miaka minane nyuma, Ljerka alikula wali wa zafarani katika chumba kile. Yeye alikalia kiti. Ruggero akala amesimama, na akaona fahari. Kesho yake Ljerka akavuka mpaka kurudi kwao, akawa jina kwenye orodha. Tangu siku hiyo Ruggero hakupika kwa ajili ya watu wawili, na upweke ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Saa nane na dakika ishirini gari lake jeupe, Alfa Giulia, lilifunga breki nyuma ya ghala. Bastola yake, Beretta, ilikuwa kwapani. Kiganjani, kifaa cha kunusa chuma, kidogo kama kiberiti.

Hakikulia hata mara moja. Wezi wale wajanja walikuwa wameitia filamu kwenye kikopo cha plastiki.

Mirundo sitini, viti kumi kila mrundo. Vyote sawasawa.

"Unatafuta mchumba huko chini ya viti?" Alikuwa Pierina, mama mmoja mnene aliyekuwa akifunga mizigo kwa kamba.

"Nakagua ubora, mama."

"Ubora! Kamuulize Mzee Egidio, fundi wetu wa kalibu. Jumapili nzima alijifungia humu na tupa na msasa, kisa kiti kimoja. Anauchukia mshono, mzee yule! Eti kiti chenye mshono ni bwana harusi mwenye kamasi."

"Mshono gani?"

"Mkaguzi gani wewe? Pale nusu mbili za kalibu zinapokutana, plastiki ikimiminwa ndani! Pitisha kidole chini ya kiti."

Ruggero akapitisha. Mstari mwembamba, kama unywele. Kiti cha pili, mstari. Cha tatu, mstari.

Akaanza kukimbia na kidole chake.

Redio ikakoroma mfukoni. "Tessari, umefika wapi?"

"Mrundo wa thelathini."

"Zimebaki dakika kumi."

"Basi usinipotezee hata moja."

Mrundo wa hamsini na tatu, kiti cha juu kabisa. Kidole kikateleza.

Hakuna mstari.

"Kiweke chini, bwana mkaguzi."

Alikuwa Tancredi Volpato, meneja wa mauzo ya nje wa kiwanda. Suti iliyopigwa pasi, bastola mkononi.

Ruggero alikiweka chini taratibu. Kisha akausukuma mrundo kwa bega, ukamwangukia Volpato. Viti tisa vilivyopandana huanguka kama kitu kimoja. Risasi ikatoboa paa, Volpato akalala chali, bastola ikateleza hadi miguuni pa Pierina.

"Kumbe ubora wenyewe ndio huu!" mama yule akasema, akamkalia Volpato kifuani.

Ruggero akamtia pingu. Alipoinua kichwa, Mzee Egidio alikuwa mlangoni, kofia mkononi.

"Waliniambia niuache mshono, kifanane na vingine," mzee akasema. "Nilidhani ni magendo ya saa za mkono tu. Lakini mkono ulikataa, mwanangu. Miaka arobaini haujaiachia kazi mbovu ipite."

"Wenzangu wakija, waambie hivyo hivyo, mzee. Mkono wako umeokoa watu arobaini na mmoja."

Ncha ya kisu ikabandua kifuniko chini ya kiti. Filamu ikatoka. Kiberiti cha gesi kikaimaliza.

"Imeungua," Ruggero akasema redioni.

"Safi."

"Wa kumi na saba ataambiwa?"

"Aambiwe nini? Hajui hata kama alikuwa hatarini."

"Naweza kumwandikia? Kadi tu."

"Tessari. Kadi yako ndiyo itakayomuua."

"Nimeelewa."

Akanyoosha tai, akakitia kiti begani, akatoka bila kugeuka.

"Kimoja tu?" Pierina akampigia kelele. "Na mkeo atakalia nini?"

"Nakaa chumba kidogo, mama."

Jioni aliteremsha meza, akaweka kiti chake cha zamani na kile kipya vikitazamana. Vilitosha chumbani. Alivitazama mpaka roho ikamuuma, kisha akakipandisha kimoja juu ya kingine. Vikaingiana barabara, vikachukua nafasi ya kiti kimoja.

Akapika wali wa zafarani, akala amesimama.