Mbeleko ya Bi Somoe

Mbeleko ilimnyanyua Bi Somoe kitandani, ikamtembeza hadi jikoni bila nyayo zake kuonja uzito. Lilikuwa vazi la nyuzi zenye akili, na fundi wake ni mwanawe mwenyewe, Injinia Lipande. Alilibuni siku mama alipoteleza bafuni. Sasa nusu ya wakazi wa Tandazo, mji unaozunguka angani ili watu wapate uzito kama wa duniani, walibebwa hivyo hivyo, raha mustarehe.

Ila wiki hiyo kisikiamfupa cha daktari kililia vibaya. Mifupa ya Bi Somoe imekonda. Asingestahimili mshindo wa chombo kutua duniani. Na mjukuu wake Tabia anaolewa Masasi baada ya mavuno ya korosho!

"Usihofu, mama," alisema Lipande. "Nitaiongezea mbeleko nguvu. Hutagusa hata sakafu."

"Kitendawili!"

"Mama, nina kazi."

"Kitendawili, nimesema!"

"Haya, tega."

"Mafundi wangu wamejengewa ukutani. Ukiwatikisa, nyumba inasimama. Ukiwabembeleza, inabomoka."

Lipande akakuna kichwa. "Mchwa?"

"Wapi! Nipe mji."

"Nakupa Mwezi mzima."

"Tangu lini Mwezi ukawa mji? Usinipunje."

Lipande akacheka. Mama hakucheka.

"Basi... nakupa Masasi."

"Ahaa! Nimekwenda Masasi, nimekula ubwabwa wa harusi, nimepiga vigelegele mpaka jirani kafunga dirisha. Jibu ni mfupa. Daktari kanieleza: ndani yake zimo chembe hai. Ukikanyaga, majimaji husukumwa kwenye vijitundu vyake, chembe zikahisi, zikaita wajenzi. Ukibebwa, kimya. Wabomoaji wanaingia."

Lipande akawaza nusu ya mji, wote wamening'inia kwenye kazi ya mikono yake.

"Nilitaka usianguke tu, mama."

"Najua. Hata mimi nilikubeba mgongoni, mwanangu. Lakini nilikushusha, ukatembea."

Lipande akafungua vifungo vya mbeleko, kimoja kimoja. Bi Somoe akayumba, akamshika bega.

"Uwii, sakafu baridi!"

Lipande akawatangazia wote waliobebwa washuke pole pole. Miezi ikapita, majirani wakilalamikia kishindo: Bi Somoe anatwanga, Bi Somoe anarukaruka kwa wimbo. Hatimaye kisikiamfupa kikanyamaza.

Chombo kilipotua, aliyepiga kelele ni Lipande. Mama alishuka mwenyewe, akaupiga mguu kwenye udongo wa Masasi.

"Jengeni, mafundi," alisema. "Usiku tunacheza."