Masizi Mapya

ALHAMISI, SAA KUMI ALASIRI. GHULAIL, JEDDAH.

Josphat aliuchora mpango kwa mkaa juu ya boksi la sabuni, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la nguo kuukuu. Ofisi ya wakala wa kazi. Lango moja. Mlinzi mmoja. Kabati la chuma, chumba cha pili kushoto. Ndani ya kabati, pasipoti za wote walioletwa na wakala huyo.

"Kesho watu wakiingia msikitini, mtaa unabaki wa paka," alisema. "Mlinzi naye huenda kuswali. Dakika kumi. Kila mtu na pasipoti yake, anajipeleka mwenyewe tarhili, kwenye kituo cha kuwafukuza wageni, anarudishwa kwao. Halas."

Elphas, ambaye angeendesha gari, aliuliza bunduki iliyoegemezwa ukutani ni ya nini. Akaambiwa ni ya kuvunja kamera ya langoni bila mtaa kusikia. Hakuna mtu wa kuguswa.

Truphena alikuwa amekaa sakafuni, gazeti mapajani, na juu ya gazeti sailensa ya bunduki, kile kizima-mlio cha mtutuni, imefunguliwa vipande vipande. Kazi hiyo alifundishwa Riyadh, katika nyumba alimokuwa akipika na Josphat akiendesha gari. Baba wa nyumba alipenda kuwinda njiwa jangwani. Akirudi, bunduki ilikuwa yake, uchafu ulikuwa wa Truphena. Zile risasi ndogo ni madini ya risasi matupu yasiyovikwa shaba, kwa hiyo kila mlio huacha masizi, na juu ya masizi huganda utando wa risasi, mweupe mweupe kama ukoko wa uji. Unaloweka kwenye mafuta ya taa, unasugua kwa brashi ya shaba, unakwangua kwa kijiti. Glavu hakupewa hata siku moja. Josphat alipotoroka nyumba ile aliondoka na bunduki. Truphena alitoroka na nguo alizovaa.

Akasugua mpaka kila kipande kikang'aa, akavipanga kwa mpangilio wake.

"Kitendawili," alisema bila kuinua kichwa.

"Tega," Elphas alijibu. Alikuwa amemzoea.

"Nyumba yangu ndefu, vyumba vingi, milango yote inatazamana. Mgeni hupita mbio wala hakai, lakini lazima aache masizi."

Elphas alikisia dohani, akakisia bomba la pikipiki. Josphat akacheka, akamwambia jibu liko mapajani mwa Mama Lois.

Truphena hakucheka. Tangu Jumatano alikuwa akijua jambo ambalo Josphat hakulijua. Mlinzi wa lango lile alikuwa amebadilishwa. Aliyewekwa sasa ni Hezekiah, wa Kakamega, Mkristo mwenzake aliyekuwa akisali naye kwa siri kila alipopata ruhusa ya kutoka kazini. Hezekiah haendi msikitini. Wakati wa swala ya Ijumaa atakuwa pale pale kwenye kibanda chake, anakula mkate.

Akisema, mpango unaahirishwa. Na Lois, binti yake, alikuwa ametimiza miaka saba huko nyumbani, na kwenye simu alikuwa ameanza kumwita "auntie".

Akaikaza sailensa. Hakusema.

IJUMAA, SAA SITA NA DAKIKA AROBAINI.

Mtaa ulikuwa mtupu kweli. Sauti ya hotuba ilitoka msikitini, pana, ikajaza vichochoro. Josphat alishuka na mkoba mrefu begani. Elphas hakuzima injini. Truphena alikaa kiti cha nyuma, vidole masikioni kama mtoto anayeogopa radi.

Baadaye akavitoa. Hakusikia kitu. Kazi yake ilikuwa safi mno.

SAA SABA KASORO DAKIKA NANE.

Josphat alirudi akitembea, hakukimbia. Akamtupia pasipoti. Ilikuwa yake, picha yake, shavu bado nono.

"Mlinzi?" aliuliza.

"Ameenda kuswali. Yalla, Elphas, toa gari."

Truphena aliisukuma pasipoti kifuani, ndani ya blauzi. Akatazama dirishani njia nzima.

SAA SABA NA NUSU. GHULAIL.

Josphat alisema kuna mtu wa bandarini atakayeichukua bunduki kabla ya alasiri, na anaitaka safi. Akamwekea sailensa mapajani. Mikono ya Truphena ilianza yenyewe, ilivyozoea kuamrishwa. Ikafungua. Ikachovya kitambaa. Ikafuta.

Kitambaa kikatoka cheusi.

Akafuta chumba cha pili cha sailensa. Juu ya chuma alichokiacha kinang'aa jana kulikuwa na utando mpya, mweupe mweupe. Si wa mlio mmoja.

"Kamera ni risasi moja," alisema. "Hii si moja."

"Vumbi hilo."

"Josphat. Hezekiah haswali msikitini."

Josphat alimkodolea macho, na alipofungua kinywa sauti yake haikuwa na ukali. Hilo ndilo lililomchoma Truphena.

"Kumbe ulijua yuko."

Truphena akakikunja kitambaa, upande mweusi ndani.

"Alitoka kibandani na mkate mkononi, akaniuliza kwa Kiswahili natafuta nani. Nikashtuka. Ungeniambia, Mama Lois, tungengoja. Ijumaa ziko nyingi."

Elphas alishaokota funguo. Aliwaambia wanaokwenda tarhili waingie garini sasa hivi, mafi, hakuna kungoja. Josphat akamfuata. Truphena alibaki chini na kile kitambaa, aibu imemvaa mwili mzima kama joto la tanuri. Alitamani atukanwe. Hakuna aliyemtukana.

Gari likaondoka. Akapiga simu ya ambulensi, akataja mtaa kwa Kiarabu chake cha jikoni, akataja na jina lake. Kisha akasimamisha teksi.

SAA NANE KASOROBO.

Ndani ya lango lililorudishiwa, Hezekiah alikuwa ameegemea mlango wa kibanda, shati limelowa ubavuni, anapumua kwa vipande. Kamera juu yake ilikuwa nzima. Hakuna aliyeigusa.

Truphena alipiga magoti, akavua mtandio, akaukandamiza kwenye jeraha. Hezekiah akafumbua macho, akamtambua, akamshika kiganja, na uso wake ukapata nuru kidogo.

"Dada Truphena," alisema. "Mungu amekuleta uniombee."

"Usiseme hivyo."

"Umejuaje?"

Alitaka kusema amepita tu. Akaitazama mikono yake juu ya mtandio. Ilikuwa na masizi hadi kwenye viwiko.

"Mimi ndiye niliyeisafisha ile bunduki," alisema. "Na nilijua uko hapa."

Hezekiah akageuza uso ukutani. Lakini mkono wake ulibaki umeshika kiganja cha Truphena, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kushika.

Ving'ora vikaingia mtaani. Askari wa kwanza alipolifikia lango, Truphena hakungoja kuulizwa. Kwa mkono wake mmoja mtupu alitoa pasipoti kifuani, ikiwa na alama nyeusi za vidole vyake, akampa.