Foklifti Niliyoipitisha Mimi

Gogo lilishuka lenyewe.

Sikugusa kitu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha foklifti, mikono yote miwili juu ya magoti, nasubiri shemeji yangu amalize kupanga kabari kwenye meza ya msumeno ili gogo likitua lisibingirike.

Gogo lilikuwa juu ya meza kwa shubiri moja tu. Mkono wake wa kulia ulikuwa chini yake.

Nikasikia fyuuu... kama mtu anayeshusha pumzi baada ya safari ndefu.

Halafu shemeji akasema, kwa sauti ya chini kabisa:

"Pandisha."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Pandisha, Kipaza. Pandisha."

Nikavuta wenzo. Mashine ikanguruma, lakini ile mikono yake miwili ya chuma haikupanda hata unywele. Wakaja watu wanne na nondo, wakalinyanyua gogo. Dada yangu mkubwa ndiye aliyeutoa mkono wa mume wake.

Hospitali walimrudishia mkono wenye kidole gumba peke yake.

Mnaonifuata hapa mnalijua tukio hili. Siku tatu baadaye niliandika ule waraka wangu mrefu kuhusu muuza mitambo chakavu aliyetuuzia kifo kilichopakwa rangi ya njano. Mliusambaza kama moto wa nyasi kavu. Mkampigia simu, mkamtukana yeye na mama yake. Kuna aliyekwenda kuandika "MUUAJI" kwenye geti lake. Jamaa akafunga yadi wiki mbili.

Mimi nilikuwa nasoma maoni yenu kitandani, nahesabu waliokubali.

Leo nimekuja kuwaambia kwamba niliwadanganya.

Tulieni. Nianze pale panapouma.

Karakana yetu ni ya watu saba. Msumeno mmoja, banda la mabati, na magogo tuliyokuwa tunayapandisha mezani kwa mabega na nondo. Miaka minne hivyo. Migongo ilikuwa imekwisha. Kobe, mpanga mbao wetu, alikuwa akiinama anabaki hapo hapo mpaka aje mtu kumnyoosha.

"Nikifa msinitafutie jeneza refu," alikuwa akisema. "Nikunjeni, nimeshazoea."

Tukakubaliana kununua foklifti. Mpya hatuwezi, hiyo hata kuiota ni matumizi mabaya ya usingizi. Tukatafuta iliyotumika. Zikapatikana mbili, bei karibu sawa.

Ya kwanza ilikuwa mzee wa chuma. Kutu, kiti kimechanika na kufungwa kwa kamba za mpira, moshi mweusi, kelele za kuamsha mochwari.

Ya pili ilikuwa pale yadi kwa muuza mitambo. Njano inawaka. Taa zote nzima. Ukiiona unatamani kuioa.

Dada yangu ndiye fundi. Kwenye mitambo hakuna anayemgusa. Alikwenda kuipima ile ya kwanza, akabebesha gogo zito, akalipandisha juu, akazima injini. Akachora mstari wa chaki kwenye mlingoti, pale mikono ya mashine iliposimama. Akasubiri nusu saa.

Akarudi anapangusa mikono.

"Ni chafu, lakini haishuki," akasema. "Mashine ya kubebea usiitazame usoni. Itazame ikiwa na mzigo, imezimwa, na hakuna anayeishika. Hapo ndipo inaposema ukweli."

"Sawa," nikasema. "Ni ya nani?"

Akaendelea kupangusa mikono.

"Ya Tajiri."

Jamani.

Tajiri ndiye mwenye kiwanda kikubwa cha mbao tulichofanyia kazi zamani. Miaka kumi na miwili iliyopita nilisimama juu ya rundo la mbao nikaongoza mgomo. Tulidai glavu. Glavu tu. Ilikuwa Jumanne, kabla ya chai. Tajiri akatoka ofisini na shati la mistari, kijiti cha meno mdomoni, akatufukuza watu kumi na mmoja. Mimi akaniambia peke yangu:

"Mdomo wako utakulisha."

Ninyi mna kumbukumbu za picha kwenye simu. Mimi hiyo siku ninayo kwenye ini. Najua hata kile kijiti alikitafuna upande gani.

"Huyo hapati jasho letu tena," nikasema.

"Mdogo wangu," akasema dada, "tunanunua mashine. Hatununui mtu."

"Umeshamsahau?"

"Sijamsahau. Lakini hatapandisha magogo yeye."

Nikaitisha mkutano. Mnanijua nikishika mkutano. Jina la Kipaza sikuliokota njiani. Nikawakumbusha glavu, nikawakumbusha Jumanne, nikamwuliza kila mmoja kama yuko tayari kumpelekea Tajiri hela kwa mikono ile ile aliyoinyima glavu. Kobe akatoa machozi. Tukaafikiana: twende tukaipime ile ya njano, ikifaulu tunaichukua.

Ikifaulu. Shikeni hapo.

Pale yadi, muuza mitambo alitupokea kawaida tu.

"Nauza kama ilivyo," akasema. "Rangi nimepaka mimi, ya ndani sijayafungua. Pimeni wenyewe mridhike. Mkishaondoka nayo ni yenu."

Alisema hivyo. Mimi ndiye niliyekuja kuwaandikia kwamba alitudanganya.

Dada akabebesha gogo, akapandisha, akazima. Akachora mstari wa chaki. Akaniambia:

"Kaa hapa utazame. Naenda kukagua betri na matairi ya akiba kule nyuma. Dakika kumi."

Nikakaa.

Dakika ya tatu, mstari ulikuwa juu ya mikono ya mashine kwa upana wa ukucha. Nikajiambia ni macho.

Dakika ya sita, kidole kimoja.

Dakika ya tisa, vidole viwili.

Mashine ilikuwa inashuka. Polepole, kimya, kama mtu mwenye adabu. Maana yake sili za jeki, zile raba za kuzuia oili, zimekwisha, oili inapita, na siku moja itapita yote. Hata mimi niliyejifunza ufundi kwa kuchungulia nilijua.

Mkifikiri niliwaza usalama, hapana. Niliwaza kijiti cha meno. Nilimwona Tajiri akihesabu hela zetu.

Nikatazama huku na huku. Nikaufuta ule mstari kwa kiwiko. Nikaokota chaki, nikachora mwingine, vidole viwili chini.

Dada akarudi. Akautazama mstari. Akanitazama mimi.

"Haijashuka?"

"Iko pale pale ulipoiacha."

Akautazama tena kwa muda. Akasema, "Haya."

Tukainunua. Ikatufanyia kazi wiki saba. Kobe akawa ananyooka mwenyewe. Watu wananishika mkono, wananiita mwenyekiti. Kila nikipanda kwenye kile kiti natazama mlingoti kwanza, lakini nikakausha. Nikajiambia nitashauri sili zibadilishwe mwezi ujao.

Mwezi ujao haukumsubiri shemeji.

Sasa sikilizeni jinsi mtu anavyoweza kuwa mnyama. Baada ya ajali, wenzetu walitaka kujua nani amekosea. Sheria ya karakana ipo ukutani: USIWEKE MKONO CHINI YA MZIGO. Niliiandika mimi, kwa rangi nyekundu. Na shemeji, pale hospitalini, alikuwa amewaambia watu kosa ni lake, aliharakisha.

Likaja wazo kwamba nafasi yake mezani apewe mtu mwingine. Huyu ndiye mpasuaji wetu. Alikuwa anapitisha kidole kwenye ubao anakwambia umezidi unene kiasi gani, na ukipima unakuta kweli. Bila ile meza hana kazi, na mwenye mkono wa kidole kimoja hakuna anayemwajiri.

Mkutano ukapangwa Jumamosi asubuhi. Mwenyekiti ni mimi.

Shemeji akaja, mkono kwenye bandeji, amekaa kwenye rundo la mabanzi kama mgeni. Dada kasimama nyuma yake.

"Tusiumize vichwa," akasema mmoja wetu. "Sheria iko pale ukutani. Kipaza, wewe semea kikundi."

Nikasimama. Maneno yalikuwepo. Kwangu huwa hayakosekani, yanapanga foleni.

Nikamtazama shemeji. Alikuwa anajaribu kufunga kifungo cha shati kwa mkono wa kushoto. Kimemshinda, anajifanya hajali.

"Mashine ilikuwa inashuka tangu yadi," nikasema.

Vichwa vyote vikageuka.

"Ilishuka vidole viwili ndani ya dakika kumi. Nikafuta mstari, nikachora mwingine. Sikutaka tununue kwa Tajiri. Shemeji hana kosa."

Kobe akaketi chini taratibu. Kuna aliyecheka, kile kicheko cha mtu asiyejua afanye nini na uso wake.

Nilijiandaa kupigwa. Mngejua nilivyotamani mtu anipige.

Badala yake dada akasema, "Nilijua."

Nikageuka.

"Mstari wangu nauchora kwa kulaza spana," akasema. "Unanyooka. Ule niliokuta niliporudi ulikuwa umechorwa kwa mkono, umepinda kama mkia wa panya. Nilijua hapo hapo."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ningesema, ungefanya nini?"

Nikatazama ile sheria nyekundu ukutani.

"Ungeitisha mkutano," akasema. "Ungewaambia nimehongwa na Tajiri. Ungewakumbusha Jumanne. Na wangekuamini, kwa sababu hakuna hapa anayeweza kusimama mbele ya mdomo wako. Nikasema moyoni, labda itadumu. Nikampeleka mume wangu chini ya gogo kwa kuogopa maneno ya mdogo wangu niliyembeba mgongoni."

Akaanza kulia, bila sauti.

Kobe akasema, anatazama chini, "Hata mimi ile siku ya mkutano nilitaka ya Tajiri. Nililia ili usinigeukie."

"Na mimi," akasema mwingine.

"Na mimi."

Watu wanne, ndugu zangu, pamoja na dada. Wanne kati ya saba walitaka ile mashine chafu isiyoshuka, wakanyamaza. Tajiri tulimwogopa kwa sababu alikuwa na geti. Mimi waliniogopa nikiwa sina hata baiskeli.

Shemeji ameachiwa meza yake. Kobe ndiye anayeshika ubao, yeye anamwelekeza kwa mdomo pa kupasua. Dada alikwenda kwa Tajiri, akakuta ile mashine ingali ipo. Mimi sikuulizwa kama tuinunue, na sikusema.

Wewe unayeandamana, unayeandika, unayewasemea wengine, sikuambii uache. Glavu zilikuwa haki na nitazidai mpaka naingia kaburini. Lakini siku moja kaa kimya katikati ya watu wako, uwatazame. Ukiona hakuna anayekupinga, usifurahi. Uliza kwanza wanaogopa nini.

Na kwa muuza mitambo: lile geti nimekwenda kulisugua mwenyewe kwa brashi ya waya. Hakunifungulia. Ana haki. Aliyempigia simu kumtukana ampigie tena, safari hii aombe radhi.

Baada ya mkutano ule nilimfuata shemeji nje. Nikapiga magoti kwenye vumbi la mbao. Nikaanza hotuba ya kuomba msamaha, ndefu, yenye vituo.

Akaninyamazisha kwa ule mkono wa bandeji.

"Shemeji," akasema, "msamaha umeshaomba mbele ya watu, maana huko ndiko unakoweza. Kesho saa kumi na mbili asubuhi uje nyumbani."

"Nije kufanya nini?"

"Kunifunga kamba za viatu. Dada yako anawahi kazini."

Leo ni siku ya kumi na tisa. Nafika, nainama, nafunga kiatu cha kushoto, halafu cha kulia. Yeye anatazama ukuta.

Bado hajasema neno, na mimi simwambii kitu.