Ekseli za Zibuyile

Jumamosi ile ilianza vizuri tu. Nokwethemba alikuwa anaanika nguo, na mumewe, Bhekuyise Dladla, alikuwa amelala chali chini ya gari lake jeupe, miguu tu ndiyo inaonekana. Pale mtaani Ezakheni watu walikwisha kuizoea ile miguu.

"Dladla, ipo siku hilo gari litakuzaa," jirani yake Skhumbuzo akamtania kutoka ng'ambo ya ukuta. "Ukitoka humo chini tukupe jina jipya."

"Nyie pelekeni yenu kwa mafundi mkaibiwe. Mimi mikono ninayo."

Mikono alikuwa nayo, hilo simnyimi. Lakini zamani alikuwa anapeleka gari gereji kama wenzake. Ni tangu usiku mmoja wa majira ya baridi, mwaka juzi, ndipo alipoacha. Bampa la mbele alilinyoosha mwenyewe, madigadi ya kushoto akaipaka rangi mwenyewe, geti limefungwa. Mafundi wana maswali mengi, naye hakutaka kuulizwa.

Sasa gari lilikuwa linalia. Kila akikata kona, magurudumu ya mbele yanatoa sauti: kwa-kwa-kwa. Mipira inayofunika jointi za ekseli ilikuwa imepasuka, grisi imetapakaa ndani ya rimu, mchanga umeingia na kuzitafuna jointi zenyewe. Mipira mipya alikuwa nayo, lakini ekseli zote mbili zilikuwa za kubadilisha, na kwa gari la umri ule dukani huzipati.

"Kuna mama mmoja ng'ambo ya mto Thukela," Skhumbuzo akasema. "Anaitwa MaHadebe. Ana gari la aina yako limekaa uani, anagawa vipuri bure. Mjomba wangu alichukua rejeta kwake. Kafungue mwenyewe, si unayo mikono?"

Bhekuyise akacheka, akafungasha spana zake, akaondoka taratibu, gari likilia kila kona.

Alilijua lile gari kabla hajazima injini. Lilikuwa jekundu, paa limebonyea, ubavu wa kulia umechanika kuanzia taa hadi mlangoni. Mara ya mwisho kuliona lilikuwa limelala kichwa chini mtaroni, na yeye amesimama juu ya barabara na bia kichwani.

Nitawaambia alichokifanya, maana yeye mwenyewe alikuja kukisema. Alilipita lile gari mahali pasipopitika, akaligonga, likabingirika. Akasimama. Akashuka na taa ya simu. Ndani alikuwemo msichana, hai, mkono wake mmoja umetokeza dirishani. "Kaka," msichana akasema, "usiniache." Bhekuyise akafikiria kazi yake. Akafikiria jela. Akapanda tena barabarani, akaondoka. Asubuhi alikunywa chai kama kawaida.

Sasa alitaka kurudi nyuma, lakini MaHadebe alikwisha kulishika geti. Mama mfupi, blanketi mabegani, macho makavu. Akiondoka sasa, atamfikiriaje?

"Karibu, mwanangu. Umefuata nini?"

"Shikamoo, Mama. Ekseli, kama zipo."

"Zipo. Ni za binti yangu, Zibuyile. Chukua."

Akamletea togwa ya mahindi, akasimama karibu naye na tawi la mlahlankosi mkononi. Kule kila mtu anaujua mti ule wenye miba. Mtu akifia barabarani, jamaa huenda mahali pale na tawi lake, wakamwita marehemu kwa jina na kumrudisha kwao. Njia nzima huelezwa: sasa tunapanda gari, sasa tunavuka mto. Asipoambiwa hupotea. Na aliyepotea ana hasira.

Bhekuyise akalegeza nati kubwa ya katikati, akaachanisha jointi ya chini, akachomeka bapa la chuma kati ya ekseli na giaboksi. Ekseli zilizokaa muda mrefu hivyo huwa haziachii mpaka uzitukane. Hizi zilitoka zote mbili kabla hajakaza mkono.

MaHadebe akazipangusa kwa lile tawi. "Zibuyile," akasema polepole, "unatoka sasa. Unakwenda na huyu kaka."

Mikono ya Bhekuyise ikasimama. "Mama, binti yako hamkwenda kumchukua?"

"Sikwenda. Nimchukue nimlaze ndani, na aliyemwacha analala kwake?" Sauti yake haikupanda. "Pale mtaroni waliokota kipande cha bampa. Cheupe, cha gari kama lake. Polisi wakakitupa. Mimi nikafikiri: mwenye gari kama hili, ipo siku atahitaji vipuri."

"Lakini wengi wanayo magari haya, Mama."

"Na wengi wamechukua. Rejeta, milango, taa. Wote nimewaambia haya haya, na wote wazima. Kama si wewe, mwanangu, hivi ni vyuma tu." Akamtazama. "Unaziacha?"

Angeziacha, angekuwa amejibu.

"Nazichukua, Mama."

"Ukifika darajani mwambie. Usinyamaze."

Darajani alinyamaza. Alifunga vioo, akauma meno, akauvuka mto bila kutoa hata kikohozi. Moyoni alijipa ujasiri: kizee kimechanganyikiwa na msiba, vyuma havina roho. Kwa nini basi alikuwa anatoka jasho, sijui.

Alipofika kwake alifanya kazi kwa hasira. Akavisha mipira mipya, akajaza grisi, akakaza klipu kwa koleo mpaka zikauma. Skhumbuzo alimwona akizikaza, akamsifia. Ekseli zikaingia kwenye giaboksi bila nyundo. Akafunga nati, akachomeka pini na kuzikunja ncha.

Alipolijaribu gari mtaani lilikuwa kimya. Akakata kona kulia, kimya. Kushoto, kimya. Akapiga honi kwa furaha, akarudi akiimba. Akaingia jikoni kunawa mikono.

Nokwethemba alikuwa anachungulia dirishani. Akasema kwa kunong'ona:

"Baba, yule umemwacha garini ni nani?"

"Sijamwacha mtu."

"Msichana. Nimemkaribisha ndani, kakataa. Anasema anakusubiri wewe." Akamgeukia. "Anauliza kwa nini hukumwambia darajani."

Bhekuyise akatoka. Garini hapakuwa na mtu. Mkanda wa kiti cha abiria ulikuwa umefungwa. Kiti kilikuwa kimebonyea, na kilikuwa kikiinuka polepole, kama mtu ameondoka sasa hivi.

Hapo ndipo ujanja ulipomwisha. Jua lilikuwa bado juu, vijana wanacheza mpira barabarani, na yeye anaikimbilia jeki. Ekseli zitoke. Zitoke sasa hivi, azirudishe. Akainua gari kwa jeki. Siku zote huweka magogo mawili chini ya fremu, hata akiwa na haraka namna gani. Siku ile hakuyakumbuka. Hakungoja hata kuvua magurudumu. Akaingia chini na spana.

Nati haikusogea. Akaivuta kwa nguvu zote. Haikusogea.

Gurudumu la kushoto, linaloning'inia hewani, likaanza kuzunguka.

Injini ilikuwa imezimwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Kwa. Kwa. Kwa.

"Zibuyile," akanong'ona. "Nisamehe."

Gurudumu likasimama. Karibu kabisa na sikio lake, sauti ndogo ikauliza: "Uliniona?"

Angesema uongo, nadhani. Alikuwa na mazoea. Lakini ulimi ulikataa.

"Nilikuona."

"Nilikuwa hai?"

"Ulikuwa hai."

Jeki ikateleza.

Hakufa palepale. Gari lilimkalia kifuani, pumzi ikawa inaingia kidogo kidogo. Kati ya gurudumu na ardhi aliona miguu. Miguu ya msichana, kiatu kimoja, mguu mwingine mtupu. Imesimama tu.

"Dada," akasema. "Usiniache."

Ile miguu ikageuka. Ikatembea bila haraka kuelekea getini.

Skhumbuzo na vijana waliokuwa wanacheza mpira walilinyanyua gari, wakamtoa. Alilazwa mkekani, kichwa kikiwa mapajani mwa mkewe, na hayo yote akayasema mwenyewe, neno kwa neno, mbele ya majirani. Nokwethemba hakulia. Aliposikia habari ya mkono dirishani, alikiondoa kichwa cha mumewe mapajani, akakiweka chini, akasimama. Bhekuyise akakata roho akiwa anamtafuta kwa macho.

Ndipo Skhumbuzo alipoinama kutazama ile nati iliyokataa. Nati ilikuwepo, pini ndani yake, ncha zimekunjwa. Nyuma yake hapakuwa na kitu. Ekseli hazikuwepo, kushoto wala kulia. Matundu ya giaboksi yalikuwa wazi, na tone la mafuta halikuwa limedondoka.

Akapanda gari lake, akaendesha hadi ng'ambo ya mto. Alikuta geti la MaHadebe liko wazi. Mama yule alikuwa anavuka uwanja kuelekea nyumbani, tawi la miba mkononi, hatazami kulia wala kushoto. Skhumbuzo alimwamkia, hakuitikiwa. Anayemleta marehemu haongei na mtu mwingine.

"Tumefika mlangoni, mwanangu," MaHadebe alikuwa anasema. "Inama, mlango ni mfupi. Kitanda chako ni kilekile. Sasa lala."

Mlango ukafungwa.

Skhumbuzo akalisogelea lile gari jekundu, akachungulia nyuma ya gurudumu. Ekseli zilikuwa mahali pake. Mipira ilikuwa mipya, na klipu zilikuwa na alama za koleo. Akanyoosha mkono kuigusa moja, akaurudisha upesi. Ilikuwa ya moto, kama imetoka safari ndefu.